Maswali Yenu: Kabla hujalipa ada ya saikolojia ya shule

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka magharibi: Tabora mjini, Nzega, Kasulu, Kibondo, Ujiji. Waandishi hawafahamiani, lakini wanazunguka mti uleule: mtu asome nini, kwa muda gani na chini ya nani, ndipo aitwe mwanasaikolojia wa shule? Barua ndefu tumezipunguza.

Salaam wahariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari Kasulu, nina shahada ya ualimu wa sanaa, GPA 3.2. Miaka minne iliyopita mkuu wa shule alinipa kazi ya malezi na ushauri kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nina subira. Sasa nataka niisomee kabisa. Nikipata uzamili wa saikolojia ya elimu nitakuwa mwanasaikolojia wa shule? — Mwalimu wa malezi, Kasulu

Mwalimu, kwanza GPA. Hiyo haina shida. Kwa madaraja yetu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.7 ndipo vyuo vikuu vyetu vingi vinapoanzia kupokea watu wa uzamili. Aliye na 2.0 hadi 2.6 mara nyingi huambiwa apitie stashahada ya uzamili kwanza.

Shida iko kwenye jina la kozi. Saikolojia ya elimu na saikolojia ya shule zinafanana kwa sikio tu. Ya kwanza inasoma jinsi mtoto anavyojifunza: kumbukumbu, ari, ukuaji, utungaji wa mitihani, mitaala. Mhitimu wake atafundisha vizuri chuo cha ualimu, atafanya utafiti, atasaidia kutunga mtihani usiowaonea watoto. Ya pili ni kazi ya mikono. Unampima mtoto mmoja, unakaa na mwalimu wake mnapanga nini kibadilike darasani, unamwita mzazi, na baada ya wiki sita unarudi na namba mkononi kuona kama kuna kilichosogea. Saikolojia ya elimu unaweza kuihitimu bila kukaa hata mara moja na mtoto aliyeshindwa kusoma. Ya shule huwezi, au tuseme hupaswi.

Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, kwa hiyo kwao kuna bodi na usajili. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, na yeyote mwenye rangi na kipande cha ubao anaweza kujiandika "mwanasaikolojia wa shule" mlangoni. Mtoto analindwa na mafunzo uliyopata tu, basi. Ndiyo maana tunakuomba usianze kwa kuuliza ada.

Vyuo unavyoweza kuviandikia ni pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Shule Kuu yake ya Elimu ina idara ya saikolojia ya elimu na mitaala, na Muhimbili (MUHAS), wenye uzamili wa saikolojia tiba. Huo wa Muhimbili ni wa mazoezi hasa, ila unaelekea hospitali zaidi kuliko darasani. Popote utakapoandika, omba orodha kamili ya kozi, kisha kaa nayo na kalamu. Uzamili unaotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) una krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kukaa darasani, kusoma, kuandika, vyote ndani. Tafuta kozi ya mazoezi ina krediti ngapi. Ukikuta 12, hizo ni saa 120, ukitoa za kuandika ripoti labda 80 ndizo utakazokuwa na watoto. Ukikuta hakuna kabisa, umeshapata jibu lako bila kupiga simu.

Kisha uliza maswali matatu, kwa maandishi, upate majibu ya maandishi. Nani atanisimamia nikiwa shuleni, na yeye amesomea nini? Nitapima watoto wangapi mmoja mmoja, na ripoti zangu nani atazisahihisha? Kikao cha usimamizi ni kila baada ya muda gani? Ukijibiwa "kuna fildi ya wiki kadhaa, utapangiwa", hiyo ni shahada ya nadharia. Si mbaya, ila ujue unanunua nini.

La mwisho ni la kiofisi, na hapa ndipo walimu wengi hujikwaa. Usiondoke kituoni kwa sababu tu umepata barua ya chuo. Ruhusa ya masomo hutolewa na mwajiri, na barua yako ipite kwa mkuu wa shule na afisa elimu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Subiri ruhusa iwe karatasi, si "nenda tu tutaweka sawa". Mwalimu aliyeondoka kwa mdomo huitwa mtoro kazini, na mshahara unaposimamishwa yule aliyesema "nenda tu" huwa ameshahamishwa.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, HGL, nipo Tabora. Nataka hii kazi. Nianze na shahada gani? — Binti wa Cheyo

Marahaba. Ualimu au saikolojia, yoyote kati ya hizo. Ualimu utakupa kitu ambacho wanasaikolojia wengi hawana: kujua inavyokuwa kusimama mbele ya watoto 90 na chaki moja. Saikolojia itakupa takwimu mapema. Ukichukua ualimu, usiikimbie kozi ya upimaji na tathmini kama wenzako watakavyoikimbia, na uchukue chochote cha elimu maalumu kinachotolewa. Bila takwimu hutaweza kusoma hata ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kipimo.

Ndugu wahariri, nina uzamili wa elimu wa hapa nchini. Programu za Marekani za saikolojia ya shule zinataka "krediti 60 na saa 1,200". Rafiki yangu anasema uzamili wangu una krediti 180, mara tatu ya zao, hivyo nimebakiza saa tu. Ni kweli? — Mwalimu, Nzega

Rafiki yako amelinganisha debe na kilo. Krediti yetu moja ni saa 10. Krediti moja ya muhula ya Marekani ni saa moja ya darasa na angalau mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15: saa 45. Sasa piga hesabu. Uzamili wako: 180 mara 10, saa 1,800. Programu yao: 60 mara 45, saa 2,700. Umepungukiwa saa 900 hata kabla hatujauliza ulisoma nini ndani yake. Na wao watauliza: kozi ya uongozi wa shule haitahesabiwa badala ya kozi ya upimaji wa mtoto.

Huko kiwango cha kuingilia kazini si uzamili wa kawaida. Ni shahada iliyo kati ya uzamili na uzamivu, vyuo vingi huiandika Ed.S. Chama chao cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinataka krediti zisizopungua 60, na kati ya hizo 54 zisiwe za utarajali. Mwanafunzi wa kutwa hutumia kwa kawaida miaka mitatu: miwili ya darasa pamoja na mazoezi ya siku chache kwa wiki, na wa tatu wote ni utarajali shuleni. Saa 1,200 ni za mwaka huo wa tatu, na angalau 600 lazima ziwe ndani ya shule. Nyingine zinaweza kuwa kliniki au kituo cha watoto. Kwa saa 35 kwa wiki, wiki 35 zinakupa 1,225, yaani mwaka mzima wa shule bila nafasi ya kuugua sana. Uzamivu ni krediti 90 na utarajali wa saa 1,500.

Baada ya hapo kuna mtihani wa Praxis wa wanasaikolojia wa shule, namba 5403. Alama ya kufaulu kwa cheti cha taifa ni 155. Cheti hicho, NCSP, huhuishwa kila baada ya miaka mitatu kwa saa 75 za kujiendeleza. Lakini leseni ya kufanya kazi hutolewa na kila jimbo lenyewe, kwa hiyo soma masharti ya jimbo chuo kilipo, si ya jimbo alikofikia binamu yako.

Mitego mitatu. Wa kwanza ni huohuo wa Mwalimu wa Kasulu: uzamili wa saikolojia ya elimu wa krediti 30 na kitu, ada nafuu, na mwishoni hakuna jimbo litakalokupa leseni kwa huo. Tafuta neno "shule" kwenye jina la programu, halafu hakikisha imeidhinishwa na NASP.

Wa pili ni masomo ya mtandaoni. Kweli zipo programu ambazo darasa lake lote linakuja kwenye simu. Utarajali hauji kwenye simu. Anayekusimamia shuleni lazima awe mwanasaikolojia wa shule mwenye sifa zao, na Nzega hutampata. Wapo wanaogundua hili mwaka wa tatu, ada imeshakwenda.

Wa tatu ni viza. Mwanafunzi wa viza ya F-1 hufanya utarajali kwa kibali kinachoitwa CPT, kinachotolewa na ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni. Ukitumia CPT ya muda kamili kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza haki ya OPT, yaani ule muda wa kufanya kazi baada ya kuhitimu. Utarajali wa mwaka wa shule ni miezi tisa au kumi, kwa hiyo uko salama ukianza na kumaliza kwa wakati. Anayeongeza likizo mbili juu yake ndiye anayeumia. Hakikisha pia kibali kimeandikwa kwenye I-20 yako, ile fomu ya uanafunzi unayopewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza ya kuingia shuleni.

Fedha: Fulbright kupitia ubalozi wa Marekani ndiyo njia inayojulikana zaidi, na vyuo vyenyewe hutoa kazi ndogo za usaidizi zinazopunguza ada. Ukirudi, peleka cheti chako TCU kitambuliwe kabla hujaomba kazi. Agiza transkripti ya pili iliyofungwa na lakiri ukiwa bado huko. Kuifuatilia kutoka Nzega ni kazi nyingine.

Kwa anayetaka jirani zaidi, Afrika Kusini ina usajili wa mwanasaikolojia wa elimu chini ya HPCSA, baraza lao la taaluma za afya: uzamili wa kitaaluma, miezi 12 ya utarajali, kisha mtihani wa bodi. Jina lao ni "wa elimu" lakini kazi ni ya shule hasa, tofauti na kwetu. Uingereza jina hilo linalindwa na HCPC, baraza la huko la taaluma za afya, na kwa England njia ya sasa ni uzamivu wa miaka mitatu.

Wahariri, mwanangu yuko darasa la nne, miaka 10, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Ujiji. Alikuja mtaalamu, akakaa naye dakika 40, akatuandikia mstari mmoja: "IQ 78, ahamishiwe shule maalumu." Tumelipa. Nauliza tu, aliyesomea kazi hii hupima hivyo? — Baba wa watoto watatu, Ujiji

Hapana, Baba. Na usimhamishe mtoto kwa karatasi hiyo.

Vipimo hivi hutengenezwa ili wastani uwe 100 na mtawanyiko 15. Kwenye 78 mtoto yuko mahali ambapo kati ya watoto 100, kama saba hupata hivyo au chini. Lakini hakuna kipimo kisicho na makosa, na aliyefundishwa huandika alama pamoja na upana wake: kwa 78, mara nyingi ni kitu kama 73 hadi 84. Ulemavu wa akili huanza kufikiriwa alama inapokuwa karibu na 70 au chini, na hata hapo alama peke yake haitoshi. Lazima ionekane pia kwamba mtoto ameshindwa mambo ya maisha ya kila siku ya watoto wa rika lake, na kwamba hali ilianza utotoni. Yaani hata kipimo kingekuwa safi kama maji ya ziwa asubuhi, 78 haimpeleki mtoto shule maalumu.

Nacho hakikuwa safi. Ule wastani wa 100 ni wa watoto wa nchi kilikosanifiwa kipimo. Mtoto anayezungumza Kiswahili na Kiha nyumbani akiulizwa kwa Kiingereza maana ya maneno, kilichopimwa ni Kiingereza chake. Tena fomu nyingi zinazozunguka mitaani ni nakala za nakala. Picha zimefifia hadi kiatu kinafanana na mtumbwi. Kampuni zinazochapisha vipimo vikubwa huviuza kwa wenye sifa tu, na nakala za kutoa fotokopi ni dalili kwamba aliyenazo hakuuziwa.

Mpangilio wa aliyefunzwa ni mwingine. Huanza na macho na masikio. Chati ya herufi E, mita 6 zilizopimwa kwa futi kamba, jicho moja moja. Masikio yanaangaliwa hospitali, kwa sababu usaha wa muda mrefu au nta iliyoziba humfanya mtoto aonekane mzito wa kuelewa. Kisha historia: alizaliwaje, amewahi kulazwa kwa malaria kali yenye degedege, amehama shule mara ngapi, mahudhurio yakoje. Kisha madaftari yake ya mwaka huu na uliopita. Kisha darasani, kumwangalia akisoma. Kipimo cha akili kinakuja mwishoni, kama bado kinahitajika. Na sambamba na hicho, maswali kwako na kwa mama yake: ukimtuma dukani na noti ya 5,000 analeta chenji sawasawa? Anajiogesha, anamwangalia mdogo wake, anapanda boda peke yake hadi kwa shangazi? Mtoto wa miaka 10 anayeuza migebuka ya mama yake na kurudisha chenji bila kukosea ana mengi kichwani ambayo dakika 40 hazikuyaona.

Kuna jambo moja unaweza kuliomba kesho. Mwombe mwalimu ampe kifungu cha Kiswahili cha darasa la pili, asome kwa sauti dakika moja, mwalimu ahesabu maneno aliyoyasoma sawa. Afanye hivyo kwa vifungu vitatu tofauti na achukue namba ya katikati. Kisha vifungu vitatu vya Kiingereza, vya darasa lilelile. Kiswahili kikienda na Kiingereza kikigoma, shida ni lugha ya shule. Vyote vikigoma, shida ni kusoma kwenyewe, na hiyo ina masomo yake ya kurekebisha.

Kwa huyo mtaalamu, dai ripoti kamili: jina la kipimo na toleo lake, lugha iliyotumika, umri wa mtoto kwa miaka na miezi siku ile, alama za kila sehemu na si jumla tu, na nani alichunguza macho na masikio. Akisema jina la kipimo ni siri, mwambie maswali ndiyo siri. Jina halijawahi kuwa siri.

Nasoma uzamili wa ushauri nasaha, niko fildi sekondari moja Tabora mjini. Msimamizi wa shule anasaini daftari langu Ijumaa bila kuniona nikifanya kazi. Mwenzangu ananishauri nijaze saa 8 kila siku nimalize. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Tabora

Usijaze. Si kwa sababu ya dhambi tu. Daftari lenye saa 8 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kumi mfululizo, hakuna msahihishaji mwenye macho atakayeliamini. Kazi halisi ina siku ya saa tatu kwa sababu kulikuwa na mtihani wa moko, na siku ya saa saba.

Chora daftari lako upya. Tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi, namba ya siri ya mwanafunzi (jina lisionekane kabisa), ulichofanya kwa mstari mmoja, na sahihi. Aina za kazi zigawe angalau tano: upimaji na uchunguzi, ushauri wa mtu mmoja, kikundi, mashauriano na mwalimu au mzazi, na usimamizi. Kila Ijumaa jumlisha kila aina. Wengi wakijumlisha mwishoni hugundua kuwa saa 200 kati ya 240 ni za kukaa ofisini kumsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja. Hayo ni mafunzo ya jicho moja.

Kuhusu msimamizi: ana vipindi 24 kwa wiki na kazi yako si yake. Mpe kitu cha kuona. Ushauri wa siri hataingia, lakini kuchunguza darasa mnaweza kufanya pamoja kwa dakika 20, na hakuna zoezi linalofundisha zaidi kwa muda mfupi hivyo. Mfano, mwalimu wa hisabati amekuletea kijana wa kidato cha pili, "hatulii kabisa". Kaeni nyuma, kila mmoja na karatasi yenye visanduku 80. Simu ya mtetemo ipigwe kila sekunde 15. Kila ikitetemeka, tazama kijana: yuko kwenye kazi, weka alama ya vyema, hayuko, weka sifuri. Kwenye karatasi hiyohiyo, mstari wa pili, fanya hivyo kwa kijana mwingine wa jinsia ileile uliyemchagua kabla ya kipindi bila kujua tabia yake. Mwisho linganisheni karatasi zenu. Kama mmekubaliana visanduku 64 kati ya 80 au zaidi, yaani asilimia 80, uchunguzi wenu unaaminika. Chini ya hapo hamjakubaliana "kutotulia" ni nini, rudini mfafanue kwa maneno: kuangalia dirishani zaidi ya sekunde tatu, kuzungumza bila ruhusa, kutoka kwenye kiti.

Sasa soma namba. Kijana wenu sifuri 44 kati ya 80, asilimia 55. Yule wa kulinganisha sifuri 36, asilimia 45. Tofauti ni ndogo. Nusu ya darasa haiko kwenye kazi, na kijana uliyeletewa ndiye tu mwenye sauti. Hapo mazungumzo yako ni na mwalimu, kuhusu kipindi: wanafunzi wanakaa dakika ngapi bila cha kufanya wakati yeye anaandika ubaoni? Ukimwita kijana kwa ushauri nasaha wa wiki sita utakuwa umetibu mguu usiouma. Namba zingekuwa 60 kwa 12, hapo kijana anahitaji kuangaliwa peke yake.

Kosa la kawaida: kuchagua wa kulinganisha aliye mpole kuliko wote darasani. Kosa jingine ni kuchunguza siku moja tu. Chunguza siku tatu, vipindi tofauti, kimoja kiwe somo analolipenda.

Usimamizi wa kweli, ikiwa shuleni haupatikani, uudai chuoni kwa barua. Kikao cha saa moja kila wiki, hata kwa simu, ukiwa na kesi mbili mkononi. Omba mapema, si wiki ya mwisho. Na mahali pa kuongea na wanafunzi: kama hakuna chumba, chini ya mwembe panafaa, mradi watu wawaone lakini wasiwasikie. Chumba cha stoo kilichofungwa mlango ni kibaya kwa mtoto na ni kibaya kwako. Mwambie mwanafunzi mwanzoni kabisa kwamba siri yake ina mpaka: akiwa hatarini kujidhuru, au kuna anayemdhuru, utasema kwa anayehusika, kuanzia afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya kusaidia watoto ni 116. Maelezo uliyoandika yafungiwe kabatini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuacha madaftari hayo juu ya meza ya ofisi ya walimu si uzembe mdogo.

Ukifika kwenye tasnifu, kibali cha chuo hakitoshi. Barua inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, ndipo unafika kwa mkuu wa shule. Anza miezi miwili kabla.

Nafanya kazi na watoto wa Kirundi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Nina shahada ya ustawi wa jamii. Naweza kutumia dodoso la SDQ kwa kupitia mkalimani? — Kibondo

SDQ ni dodoso fupi la hisia na tabia za mtoto. Ina maswali 25, ni ya watoto wa miaka 2 hadi 17, na ipo ya Kiswahili. Kwa shahada yako unaruhusiwa kuitumia kuchuja, si kutoa jina la ugonjwa. Ila usimwache mkalimani atafsiri papo kwa papo. Leo atasema "ana wasiwasi", kesho "ana woga", na wewe huna Kirundi cha kumkamata. Kaeni mtafsiri maswali yote kwa maandishi, mtu wa pili asiyeona ya mwanzo ayarudishe Kiswahili, mlinganishe, ndipo mtumie maneno hayohayo kwa kila mtoto. Uliza kwanza kama kuna toleo rasmi, kwa kuwa wenye dodoso hawaruhusu tafsiri zisizo na idhini yao. Mkalimani asiwe jirani wa familia wala mtoto mkubwa wa nyumba hiyo. Mipaka ya alama iliwekwa kwa watoto wa kwingine. Kambini wengi watavuka, na hilo linakuambia kuhusu kambi kabla ya kukuambia kuhusu mtoto.

Kuhusu uzamili: ustawi wa jamii hukubaliwa na programu kadhaa za ushauri nasaha. Kwa saikolojia ya shule utaambiwa uongeze kozi za takwimu, ukuaji wa mtoto na upimaji kabla ya kuanza, na hilo ni haki.

Mwanasaikolojia wa shule anaandika dawa? — Mzazi, Urambo

Hapana. Dawa ni za daktari. Kwa mtoto wa Urambo rufaa ni hospitali ya wilaya, kisha Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanasaikolojia anaambatanisha alichokiona darasani, kwa tarehe na namba, ili daktari asianze na neno "hatulii" peke yake.